Salamu za Mzee Opondo

Sondu
Jumamosi, 8 Februari 2025

Wendy mjukuu wangu,

Mimi niko hai. Wewe pia uko hai, Wesonga amekuona kwa macho yake, kwa hivyo hiyo ya kuulizana hali tumemaliza.

Sasa niambie. Jumanne Wesonga alipeleka mananasi soko la Kibuye na pikapu yake. Akiwa anarudi akapita karibu na ukumbi fulani, akasikia vishindo kama magunia yanaangushwa, akachungulia. Anasema alikuona ndani miguu mitupu, umevaa nguo nyeupe nzito kama mgonjwa aliyetoroka wodi, umeshikwa kola na msichana mwingine mnazungushana. Halafu ukatupwa chini. Halafu ukaamka ukasema asante.

Wendy, mtu anakutupa chini unamwambia asante?

Mimi nilijua uko Kisumu unakaanga samaki kwa ile hoteli ya ziwani, ukitoka unarudi Nyalenda, unafunga mlango. Kumbe umekuwa wa kuviringika na watu. Mimi nimeuza samaki Dunga miaka ishirini, katikati ya wanaume wenye visu, na sikuvaa pajama siku moja. Mwanamke anajilinda kwa kujua njia ya kupita na saa ya kupita. Basi. Hiyo nyingine ni mchezo wa watu waliokosa kazi.

Usinijibu kwa simu. Kwa simu wewe husema "niko sawa, Dana, bibi yangu" halafu salio linaisha. Barua haina salio. Sikukaa ngumbaru miaka miwili na daftari langu, katikati ya wazee wenye ndevu, nikafundishwa kuandika Kiswahili, ili mtu anidanganye kwa simu. Mpe Wesonga barua, yeye huja huko Jumanne na Jumapili.

Na usimsahau Mzee Opondo. Hicho chumba ni chake, na ni mimi nilimwomba akuweke kwa ploti yake, kwa sababu alikuwa rafiki ya babu yako na ni mzee wa kanisa. Mpe mkono kwa niaba yangu. Mkono wa heshima, na upinde goti kidogo.

Ni mimi bibi yako,
Dorca


Nyalenda
Jumapili, 16 Februari 2025

Dana,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilikaa wima kama uko mlangoni.

Ile si pajama. Ni nguo ya judo. Ni nzito kwa sababu watu wanaivuta, na nyepesi ingepasuka. Nimeazimwa tu. Mazoezi ni Jumanne na Jumamosi saa kumi na moja, nikitoka kazini, na saa moja kasoro niko nyumbani.

Usidhani niliingia pale kama kuku aliyekuta mlango wazi. Nilizunguka kwanza. Nilianza na karate kwa Mwalimu Absalom, mtu mzuri sana, anawafunza wasichana bila maneno mengi. Tulipiga hewa ngumi wiki mbili. Lakini karate yake yote inaanzia mbali: yeye pale, wewe hapa, katikati mkokoteni unaweza kupita. Nikajaribu taekwondo. Huko wanapiga teke la kichwa, na mguu wangu haukupita kifua cha mtoto wa miaka tisa. Halafu ndondi. Kocha alisema nina bega zuri, ni la kugeuza samaki. Lakini kwa ndondi mkishikana refa anakuja kuwatenganisha. Nilitembea mpaka nyumbani nikijiuliza refa wangu mimi ni nani.

Kila mwalimu nilimwuliza swali moja. Mtu amekushika kifundo cha mkono. Mko karibu. Hutaki kumwumiza, na hutaki hata watu waone kama mnapigana. Unatokaje? Absalom akasema piga teke la goti. Kocha wa ndondi akacheka, "Dada, mtu usiyetaka kumwumiza unamletea kocha wa ndondi ya nini?" Yule wa judo ni mwanamke, anaitwa Terry Waithira, mamake anauza mitumba Kibuye. Yeye aliniuliza, "Huyo mtu unamjua?"

Nikamwambia ni swali tu.

Kwa hivyo niko judo. Mwezi wa kwanza wote ni kufundishwa kuanguka. Kuanguka nyuma, kuanguka upande, kidevu ndani, mkono unapiga chini kabla mgongo haujafika. Ukijua kuanguka huogopi kushikwa, anasema Terry.

Sababu ni ngeta, Dana. Vijana wanakuja nyuma yako wanakukaba shingo na mkono, wanachukua simu. Msichana tunayekaanga naye alipigwa ngeta njia ya Obunga. Ni hiyo tu.

Nisalimie Wesonga, nisalimie mama wa kusaga unga pale posho mill, nisalimie hata yule mbuzi mkorofi.

Mjukuu wako,
Wendy


Sondu
Jumamosi, 22 Februari 2025

Wendy,

Kuanguka unahitaji mwalimu? Hesabu darasa la nane ulianguka mwenyewe bila msaada wa mtu.

Nimekulea tangu una miaka minne, tangu mama yako alipozikwa, na kazi yangu yote ilikuwa usianguke. Usianguke kisimani, usianguke mtihani, usianguke kwa mikono ya vijana wa bodaboda. Sasa huyo Waithira anakuangusha mara ishirini kwa jioni moja na unaita elimu.

Kama lazima ujifunze kitu, sikiza mimi. Hiyo ya mateke ya kichwa achana nayo, wewe huvaa sketi. Ati karate ya kupiga kelele, kelele unayo tayari, ya bure, ulizaliwa nayo. Rudi kwa ndondi. Ngumi moja puani, mtu macho yanajaa maji, wewe unaondoka. Dunga kulikuwa na mwanamume aliyezoea kuchukua samaki kwa beseni langu akitembea. Nilimpiga usoni na samaki mzima, mbuta. Hakuzoea tena. Sikumwuliza mtu anatoka aje bila kumwumiza. Hilo swali lako ni la ajabu, mimi silielewi. Mwizi anakushika unamfikiria asiumie?

Lakini leo sijaandika kwa sababu ya mwizi. Leo nimeandika na hasira.

Mzee Opondo amenipigia simu. Aliongea kwa upole, na upole ule ndio uliniaibisha. Anasema siku hizi umekuwa na maringo. Akikusalimia unampa kifundo cha mkono. Wendy. Kifundo anapewa mtu wakati mkono wako una ugali, ama umelowa, ama una udongo wa shamba. Anasema alikuangalia, mkono ulikuwa mkavu na safi. Mtu wa miaka sitini na nane ananyoosha mkono, wewe unamkunjia ngumi unamwonyesha kifundo kama yeye ndiye mchafu?

Nilikufundisha nini? Mkono haurudishwi mpaka mkubwa auachie. Hata akikuhubiria. Hata kama chai inamwagika jikoni. Nilikufundisha hiyo ukiwa mdogo, na ulikuwa unasimama hapo mkono ndani ya mkono wa mzee kama mtoto wa shule, na watu wakisema Dorca amelea.

Utaenda kwake wiki hii. Utamwomba msamaha. Utampa mkono wote, na utangoja. Sitaki kusikia ngeta wala judo kabla sijasikia hilo limefanyika.

Bibi yako,
Dorca


Nyalenda
Jumapili, 2 Machi 2025

Dana,

Nimeenda. Nilimwomba msamaha na nikampa mkono wote kama ulivyosema.

Mwandiko ni mbaya kwa sababu nimeteguka kifundo cha mkono wa kulia kwa mazoezi ya Alhamisi. Si kitu kikubwa. Nimefunga kitambaa. Kazini wananipa kuosha sufuria na mkono wa kushoto.

Sina mengi. Salamu.

Wendy


Sondu
Jumamosi, 8 Machi 2025

Wendy,

Mimi nasoma pole pole, unajua. Nasoma na kidole. Watu wenye masomo mengi wanasoma barua kama wanakunywa maji, inashuka, imeisha. Mimi barua yako nakaa nayo wiki nzima. Naisoma nikichambua maharagwe, naisoma nikingoja uji upoe. Kwa hivyo usifikiri ukiandika mistari sita nitaona mistari sita.

Nimeweka barua zako mbili mezani, moja hapa, moja hapa. Ile ya kwanza inasema mazoezi ni Jumanne na Jumamosi. Ile ya pili inasema umeteguka kwa mazoezi ya Alhamisi. Alhamisi hakuna mazoezi. Alhamisi kuna nini?

Nikarudi kwa lile swali lako. Mtu amekushika kifundo, hutaki kumwumiza, hutaki watu waone. Nililicheka. Wiki hii sikulicheka. Mwizi wa ngeta anakuja nyuma anashika shingo, wewe mwenyewe umeandika hivyo. Hashiki kifundo. Na hakuna mtu duniani anaona aibu kuonekana akipigana na mwizi.

Halafu salamu. Umesalimia Wesonga, umesalimia mama wa posho mill, umesalimia mbuzi. Mimi nimekutuma kwa Mzee Opondo kila barua na hakuna hata moja uliyoniletea jibu lake. Wewe mtoto niliyekulea, huwezi kusahau salamu. Kwa hivyo hukusahau.

Sasa nakuuliza na ujibu. Huyo mtu unamjua? Na mimi namjua?

Na mimi nilikutuma wapi?

Usinifiche kwa sababu mimi ni mzee. Uzee haunifanyi glasi. Niandikie kitu chenyewe, kama kilivyokuwa, hata kama ni kibaya kusoma na kidole.

Dorca


Nyalenda
Jumapili, 9 Machi 2025

Dana,

Wesonga ananingoja nje, amezima injini, kwa hivyo nitaandika haraka na usiniulize kwa nini sikusema mapema. Nilijua utanikumbusha ni rafiki ya babu.

Ilianza Oktoba. Ananisalimia mlangoni kwake, pale karibu na bomba, ananishika mkono na haachi. Anaongea mambo ya kanisa, kwaya, harambee ya mabati, na kidole gumba chake kinasugua kiganja changu polepole. Nikivuta kidogo anabana. Wanawake wanapita na mitungi wanasema habari Mzee, yeye anawajibu, hajaniacha. Dana, kila mtu anaona salamu. Hata mimi nikijaribu kujiambia ni nini, nasikia neno salamu.

Ndipo nikaanza kusingizia mkono una mafuta ya samaki, nikawa nampa kifundo. Nilidhani nimepata akili. Kumbe kifundo ndipo mahali pazuri zaidi pa kumshika mtu. Kiganja kinateleza, kifundo hakitelezi.

Alhamisi nilienda kwa sababu ulinituma. Nilipinda goti, nikaomba msamaha. Akasema, "Dana yako amekulea vizuri," akashika mkono, halafu na ule mwingine akashika kifundo, akaanza kurudi nyuma ndani ya nyumba bila kuacha kuongea. Mkewe alikuwa ameenda sokoni. Nilivuta, hakuacha. Mguu wangu mmoja ulikuwa tayari umepita kizingiti.

Nikaanguka, Dana. Nilikaa chini ghafla vile Terry hutufanyisha, kidevu ndani, uzito wote. Yeye ni mtu mkubwa lakini hakuwa amejipanga kubeba mtu, alikuwa amejipanga kuvuta. Aliinama juu yangu na mikono ikafunguka. Kifundo kiliteguka hapo. Nilitoka nje nikitambaa. Aliwaambia watu wa bombani nimepatwa na kizunguzungu, nipewe maji. Na mtu akanipa maji.

Tangu siku hiyo nalala kwa Terry, upande wa pili wa Nyalenda. Vitu vyangu bado viko kwa ploti.

Nilimwambia Terry kila kitu. Hakushangaa. Alisema, "Kama ungekuwa humjui ningekufundisha kukimbia, na ingetosha. Mtu unayemjua ni kazi nyingine. Kabla mwili haujafanya chochote lazima ukubali aende akawaambie watu huna adabu. Hilo siwezi kukufundisha kwa mkeka." Akasema pia wasichana wengi wanakuja wakiuliza mchezo upi una pigo kali, na yeye huwauliza kwanza ni nani anakusumbua na anasimama umbali gani. Wangu anasimama karibu, na anatabasamu. Ndiyo maana judo.

Hiyo ndiyo ilikuwa Alhamisi. Usiwe na hasira na mimi.

Wendy


Sondu
Jumamosi, 15 Machi 2025

Wendy mjukuu wangu,

Jana nilikuja Nyalenda. Sikupita kwa hoteli yako kwa sababu nikikuona ningelia, na mimi silii mbele ya samaki.

Nilikuja na Wesonga saa nne asubuhi, wakati wanawake wako bombani. Nilivunja kufuli yako na jiwe. Godoro, stovu, ndoo mbili, nguo, ile picha ya mama yako, vyote viko kwa huyo Waithira sasa. Wesonga alikuwa anapakia nikasikia "Mama Dorca, karibu, hata hukusema unakuja." Nikageuka. Ni yeye, na kanzu yake ya nyumbani, amenyoosha mkono.

Nilikuwa nimejiambia njia yote kwamba sitaupokea. Nikaupokea. Na nikaushika, Wendy. Kwanza kiganja, halafu na mkono wa kushoto nikashika kifundo, vile uliandika. Hii mikono imevuta nyavu, inajua kushika. Nikasema kwa sauti ya sokoni, "Opondo, mjukuu wangu anasema hivi ndivyo unavyomsalimia. Nataka uniambie mbele ya hawa wamama, hii ni salamu?"

Akacheka. Akavuta kidogo. Nikabana. Nikamwambia mimi nimekuzidi miaka mitatu, na mkono haurudishwi mpaka mkubwa auachie, na leo mkubwa ni mimi, kwa hivyo simama hapo. Akasimama. Angeng'oa mkono kwa nguvu wangeona anapigana na mwanamke mzee, na asipoung'oa nitasema yote mpaka mwisho. Nikasema yote. Oktoba, mlango, kizingiti, kizunguzungu. Mitungi ilikuwa inajaa na kumwagika hakuna mtu anafunga maji.

Alisema, "Ni salamu tu, Mama, mtoto amenielewa vibaya." Nikawauliza wale wamama, nani mwingine hapa ameelewa vibaya? Wawili walichukua maji wakaenda bila kuniangalia. Mkewe alifunga dirisha. Lakini yule mwembamba wa nyumba ya mwisho, mwenye mtoto mgongoni, aliweka mtungi chini akasema, "Mimi pia nimeshikwa hapo." Ni mmoja tu. Ndipo nikauachia ule mkono. Nilikuwa nimechoka mpaka mabega.

Huyo mwembamba anaitwa Sheila na Jumatatu anaenda na sisi kwa polisi, pale dawati la jinsia. Terry ameshauliza, wanafungua saa mbili. Wewe utasema. Mimi nitanyamaza, na unajua hiyo ni kazi kubwa kuliko kuvunja kufuli.

Sasa kuna hili lingine. Nimelianza mara tatu na nimetoboa karatasi. Mimi ndiye niliyekutuma Alhamisi. Ulikuwa umeshajitoa kwa akili yako ndogo ya kifundo, na mimi nikakurudisha na mkono wangu mwenyewe, kwa barua, na nikakuambia ungoje. Nilikosea. Ngumbaru walitufundisha kuandika neno hilo na sikuwa nimelihitaji.

Nilikufundisha kungoja kwa sababu mimi pia nilingoja. Dunga, kabla ya yule wa mbuta, kulikuwa na mwingine, mpima samaki, aliyekuwa na salamu ndefu. Nilisimama pale miaka miwili mkono ukiwa wake, nikaita hiyo adabu, na watu wakanisifu. Yule wa mbuta nilimpiga kwa sababu yeye hakunisalimia kwanza. Ndivyo nilivyokuwa mjinga. Ndondi isingenisaidia. Huyo mwalimu wako ana akili, na nimemwambia hivyo jana, ingawa nyumba yake ina vumbi.

Endelea na judo. Anguka vile wanataka uanguke.

Na ujitayarishe, kwa sababu imeshaanza. Leo asubuhi mwanamke wa kanisa amenipigia kuniuliza mtoto anayeaibisha wazee alilelewa wapi. Nimemwambia. Na wewe wakikuuliza, kanisani, bombani, kazini, hata huyo polisi akikuuliza ni nani alikufundisha kunyang'anya mtu mzima mkono wako, usiangalie chini na usianze kueleza. Sema ni Dorca Awino wa Sondu. Sema anapatikana nyumbani siku zote isipokuwa Jumatatu hii, saa mbili, ambapo atakuwa amekaa hapo kando yako.

Bibi yako,
Dorca Awino